Mlango Uliofungukia Ndani

Juma lililopita nilifungua mlango wa nyuma wa gari la marehemu mjomba wangu, na ile harufu ikanirukia kabla sijatia mguu: grisi, vumbi la msaji, na mafuta ya simsim aliyokuwa akiyapaka kwenye mbao kila mwezi ulipoandama. Mtoto wangu mchanga niliyempakata akapiga chafya. Nikakaa nikalia, kisha nikakasirika, maana sikwenda pale kulia. Nilikwenda kwa sababu ndugu yangu Feisal alikuwa amenipigia simu asubuhi kuniarifu, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba maji yamekatwa, kuwa kuna bwana mmoja wa Kizingo ameupenda ule mlango wa nyuma na ataka kuung'oa akaufanye meza ya sebuleni. Gari lenyewe, alisema Feisal, ni chuma chakavu. Na ule mlango ni mbao tu.

Mbao tu. Haya. Hasira nitazirudia, zipo, haziendi popote. Lakini nikianza nazo nitasahau kushukuru, na mimi nina mengi ya kulishukuru gari lile, kuliko niliyonayo ya kuwashukuru watu wengi wenye miguu.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, mwisho wa kichochoro kisichopenya. Ukiingia, lazima utoke ulikoingilia. Mwanzoni mwa kichochoro hicho palikuwa na gofu, nyumba iliyoanguka kabla sijazaliwa, zikabaki kuta na uwanja wa kifusi katikati. Paka walizaa humo, sisi watoto tukicheza kibe humo, na mama zetu wakitukataza kwa sababu ya nge. Kisha Mjomba Twaha akaleta gari, na gofu likawa lake.

Mjomba alikuwa ndugu mdogo wa Mama, seremala wa milango, ile milango mikubwa ya nakshi mnayoijua. Msidhani nitawaletea mzee wa maneno mazuri na kicheko cha upole. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye kujiona, na akiwekewa mahamri hambakishii mtu. Hakuoa. Nyumba yeye na Mama waliachiwa na wazee wao, akakaa chini na msumeno wake, sisi tukakaa juu na dari lililovuja. Bwana mmoja mwenye shamba huko upande wa Malindi alimchongesha mlango, na ulipokwisha Mjomba hakutaka fedha. Alikuwa ameliona bandani mwa bwana yule gari bovu la fowili, la kusukumwa na magurudumu yote manne, la zamani, lenye pua ndefu na macho mawili yaliyokaribiana kama ya mtu mwenye wivu. Akabadilishana nalo mlango.

Lilifika mtaani likivutwa kwa kamba na wachukuzi wa mikokoteni, magurudumu hayana upepo, nyuma limeoza kwa chumvi ya bahari hata ukiligonga kwa kidole lang'oka vipande kama mkate wa ufuta uliokauka. Mama alitoa kichwa dirishani. Alikuwa akiyangojea malipo ya ule mlango, maana ndiyo yangeziba dari.

"Twaha, hilo nalo latakani?"

"Lataka muda, dada."

"Muda linao," Mama alisema. "Dari ndilo halina." Akafunga dirisha.

Na muda kweli lilichukua. Liliponikuta nilikuwa sijaanza shule. Injini yake ilipoitika mara ya kwanza nilikuwa nimeshafika Yasini chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Ya injini yalikuwa ya Kalume, Mgiriama mmoja fundi wa magari huko Makadara, mcheshi, mwenye sauti ya kuita feri irudi. Akija kila Jumapili akitoka kanisani, akilivua shati lake jeupe na kulitundika kwenye msumari wa ukuta wa gofu, kisha akiingia chini ya gari na fulana. Yeye na Mjomba walikuwa wamegawana gari kama watu wanaogawana urithi. Mbele ya viti ni kwa Kalume. Nyuma ya viti ni kwa Mjomba. Na hakuna aliyekubali kuambiwa neno na mwenzake kuhusu upande wake, na hakuna siku waliyoacha kuambiana.

Mjomba alikata bodi yote ya nyuma iliyooza, akajenga mpya ya mbao, viunzi vya mbambakofi na kuta za msaji. Mpaka hapo Kalume alinyamaza. Ilipofika zamu ya mlango, Mjomba alifanya alichokijua. Alichonga mlango wa nyumba. Mdogo, sawa, lakini mlango wa nyumba khasa, wa mbao mbili, na katikati ule mhimili wa nakshi tuuitao mfaa, na ukingoni ua baada ya ua. Hakutia bawaba. Kila ubao ulizunguka kwa kidole cha mti juu na kidole cha mti chini, kama milango yetu yote, na ukifungwa ulikazwa kwa komeo kwa ndani. Na kama milango yetu yote, ulifungukia ndani.

Kalume aliusukuma, ukaenda ndani. Akauvuta, ukarudi. Akausukuma tena. Akauliza mizigo itawekwa wapi, ikiwa kila mlango ukifunguliwa hula nusu ya nafasi. Akasema hajapata kuona gari ulimwenguni ambalo mlango wake wa nyuma waingia tumboni. Akamsihi ageuze vile vidole, ni kazi ya siku moja. Mjomba alikuwa akipangusa patasi yake, hata hakuinua macho.

"Nje ni pa watu," alisema. "Ndani ni pangu. Mlango wangu wafungukia kwangu."

"Twaha bwana, hili ni gari."

"Na huu ni mlango."

Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mtaa haukuishia hapo. Wanaume waliokunywa kahawa barazani walipata mzaha wa kuwatosha mwaka. Kila aliyepita gofuni aligonga mbao na kuita, "Hodi wenyewe!" na Mjomba, aliko chini ya gari au juu yake, alijibu, "Karibuni," bila ya kucheka. Mimi nadhani ule mzaha ulimwingia, akaamua kuuvaa. Maana alianza kukataa mtu yeyote asiingie nyuma ya gari lake bila kupiga hodi. Siku moja Kalume alikataa, akasema yeye hapigi hodi kwenye kitu chenye ekzosi, na Mjomba akatia komeo. Kalume alisimama juani na mkebe wa oili mkononi mpaka akachoka, akasema hodi kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya ndimu. Akakaribishwa vizuri sana, akapewa na kahawa.

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, na hapa ndipo mtanielewa tu mkikumbuka mlivyokuwa na miaka ile saba, minane.

Baba yangu alikuwa Arabuni. Ndivyo tulivyokuwa tukisema, Baba yuko Arabuni, kama vile Arabuni ni chumba cha pili. Alirudi mara moja katika utoto wangu ninaoukumbuka. Alikuja, akakaa kidogo, akaenda, akaniachia mimi redio ya kaseti, na Mama akamwachia mimba. Baadaye ikaja habari kwamba amemwacha, naye ameoa huko huko. Hakuna aliyeniketisha akanieleza. Nilijua kwa vile redio ilivyohamishwa kutoka sebuleni ikatiwa chini ya kitanda. Nilichojifunza ni kwamba wanaume huanza kwa kupakia vitu vyao pole pole, na siku moja vitu vikishatosha huondoka.

Sasa tazameni. Katika siku hizo hizo Mama na Mjomba waligombana kuhusu dari, mvua zilikuwa zimekaribia, na Mama, mzito kwa mimba yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barazani: "Ukilimaliza hilo gari lako hamia humo, utuachie nyumba."  Mjomba akashuka ngazi akaenda gofuni. Nikamfuata, na nikaona kwa macho yangu kwamba alikuwa akihama. Gari lina mlango wa nyumba. Ubavuni kulia na kushoto alikuwa ametia viti virefu vya mbao, sawasawa na vya ukumbini kwetu. Ametia taa. Ametia kidirisha cha vibanzi. Na siku alipopigilia ndoana ya kutundikia kofia yake, sikula chakula cha mchana. Mtu hatundiki kofia mahali asipokaa.

Basi nikalinda. Nikitoka chuoni sikwenda nyumbani, nilikwenda gofuni na mkoba wangu na viazi karai vyangu ndani ya gazeti, nikapiga hodi, nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti kirefu. Nilidhani hawezi kwenda nami nimo ndani. Mjomba akinambia nishuke apige msasa, nashuka. Akimaliza, napanda. Hakuniuliza lolote. Alidhani nalipenda gari. Aliwaambia wanywa kahawa kwa fahari kwamba huyu mtoto ana damu ya ufundi, wala hachezi na wenzake, na mimi kimoyomoyo nalichukia lile gari kuliko nge wote wa gofu. Ajabu ni kwamba huku nikilichukia nililijua lote. Hata leo nikifumba macho naweza kukwambia ua gani la ukingoni lina jani lililovunjika, na ni ubao gani hulia ukikanyagwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, kweupe, jua limesimama. Kalume alikuwa amefaulu kuliwasha gari wiki zile, akawa akiliendesha mle mle gofuni, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea. Mimi nilikuwa ndani, kwenye zamu yangu. Nikamwona Bi Rukia, mkunga wa mtaa wetu, mwanamke ambaye sijapata kumwona akikimbia, anakuja mbio bila ya buibui. Mikono yake ilikuwa imelowa. Alimwambia Mjomba kwamba dada yake amevunja chupa kabla ya wakati, na damu inayotoka si ya kawaida, na hii si kazi ya nyumbani tena, ni ya hospitali, na ni sasa hivi. Amemshusha mpaka ukumbini. Zaidi ya hapo hawezi kutembea, na hataki abebwe akitikiswa juu ya kitanda vichochoro vyote mpaka kwenye barabara kuu ambako teksi husimama. Alisema atoke pale alipo aingie kitu cha kulala, basi.

Mjomba alimtazama Kalume. Kalume alikuwa ameshaingia kwenye usukani, naye akapanda kando yake.

Nyinyi mnavijua vichochoro vyetu. Kile chetu hakikujengwa kwa ajili ya gari, kilijengwa kwa ajili ya watu wawili wanaoheshimiana. Kalume alilirudisha gari kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha mpaka ukuta ukamlazimisha kukirudisha ndani. Wanawake waliinua kamba za nguo kwa fimbo. Mtu aliyekuwa barazani aliinua miguu yake kikombe mkononi. Gari likakwaruza chokaa upande huu, likakwaruza upande wa pili, vumbi jeupe likatuingilia kama unga, nami nimeshika kiti, wala hakuna aliyekumbuka kunishusha. Likasimama pale ambapo haliwezi kwenda zaidi, mgongo wake mbele ya mlango wa nyumba yetu, na kati ya kizingiti na kizingiti hatua moja ya mtu mzima.

Ndipo watu wote walipoona. Milango ya mbele ya gari haikufunguka hata kidole, kuta zimeibana. Kalume alikuwa amefungwa kwenye usukani wake kama kuku tunduni. Na mlango wa nyuma, ungekuwa ni mlango wa gari lolote jingine ulimwenguni, ungegonga nyumba yetu, na Mama angebaki ukumbini akiutazama.

Mjomba alipita kati ya viti akaja nyuma, amejikunja kwa ajili ya paa. Akavuta komeo. Mbao mbili zikaja ndani, huku na huku, pole pole bila ya kelele, maana alikuwa amezipaka simsim siku ile ile. Na mbele yetu ulikuwa mlango wa nyumba yetu nao u wazi. Mlango umeutazama mlango.

Mama alikuwa amesimama kati ya Bi Rukia na jirani mmoja, leso ameiuma. Alikuwa na rangi ya majivu. Aliinua kichwa akaziona nakshi, akamwona ndugu yake amesimama ndani ya lile gari alilolitukana miaka na miaka, kofia kichwani, mikono haijui iende wapi. Akaitoa leso mdomoni.

"Hodi," alisema.

Sijasikia neno hilo likisemwa vile tena. Hakuwa akitania. Ilikuwa ni sauti ya mtu anayeomba kuingia.

"Karibu, dada," Mjomba alimwambia. "Karibu ndani."

Akavuka. Hakuna jua lililompiga, hakuna mwanamume wa barazani aliyemwona hata ncha ya kidole. Akalazwa kwenye kiti kirefu cha msaji, Bi Rukia akapiga magoti, mlango ukafungwa, na Kalume akaondoka akipiga honi kama amebeba bibi harusi. Hospitalini hatukufika kwa wakati. Pale Makadara, mikokoteni imeziba njia na wauza mboga wametandaza mpaka barabarani, Mjomba ameelekeza uso mbele na kusoma alichokijua kwa sauti kubwa kuliko injini, Bi Rukia alisema, "Huyu hapa." Kwa muda hapakuwa na sauti. Kisha pakawa na sauti. Yule aliyelia ndiye Feisal. Ndiyo, huyo huyo wa mbao tu.

Mama alipona. Daktari alimwambia Bi Rukia, na Bi Rukia aliwaambia watu mpaka akafa, kwamba damu ile isingengojea kitanda kibebwe. Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilikaa na Mjomba nje ya hospitali, kwenye kizingiti cha gari, miguu yangu yaning'inia, yake imefika chini. Kalume alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kuoshea kiti. Nikaona kwamba sasa ndio wakati wa kuuliza, kwa sababu kila kitu kibaya kilikuwa kimeshatokea na kimoja zaidi kisingezidisha.

"Mjomba, wahama lini?"

"Nahama kwenda wapi?"

"Humu. Mama alikwambia uhamie humu. Nawe ukatia mlango, ukatia na ndoana ya kofia."

Aligeuka akaitazama ile ndoana. Nadhani alikuwa akizihesabu zile jioni zote za viazi karai na kuziona upya, moja moja. Mjomba wangu hakuwa mtu wa kukumbatia watoto, na hakunikumbatia. Alivua kofia yake akaipangusa vumbi la chokaa.

"Hili ni gari, mwanangu," alisema. "Gari likienda hurudi. Lisilorudi ni bovu."

Nimekutana na wanaume wengi wenye magari mapya tangu siku ile. Hakuna aliyenieleza vizuri zaidi mwanamume ni mtu gani.

Na alirudi. Miaka ile yote, popote alikokwenda, jioni ungelisikia lile gari likikohoa mwanzoni mwa kichochoro, na Mama akatia maji motoni. Wala hakumaliza kulitengeneza, maana si kitu cha kumalizika. Mabati yaliyobaki ya bodi ya zamani, yale mazima, aliyakata akaziba dari letu, na Mama akasema kwamba hatimaye gari limefanya kazi ya maana. Kisha yeye mwenyewe akalishonea mapazia kwa leso zake mbili nzuri, akasema ni kwa ajili ya vumbi. Kalume aliibadilisha gia boksi, akabadilisha springi, akalalamika kuhusu uzito wa mbambakofi mpaka mvi zikamtoka. Kile kimkono cha kutia fowili, ambacho ndicho hasa watu hununulia magari kama yale, sikumbuki kukiona kikitumika. Mji wa Kale hauna tope wala mlima. Kalume alikipaka grisi kila Jumapili kwa heshima yake.

Kilichotumika ni ule mlango. Wale wale waliokuwa wakigonga na kucheka ndio waliokuja, mmoja mmoja, wamevaa kofia za shughuli, kumwomba Mjomba gari kwa ajili ya binti zao. Maana mwajua kwetu bibi harusi hatakiwi kuonwa akitoka. Na gari la Mjomba laweza kurudi kinyumenyume kichochoro chochote kinacholimeza, mlango ukautazama mlango, na bibi harusi akavuka kutoka kizingiti mpaka kizingiti, jicho la mtu lisimguse. Kila bibi harusi alipiga hodi. Wengine walisema wakicheka, wengine wakilia. Mimi niliposimama pale na michoro ya piko mikononi sauti haikutoka, na Mjomba, ambaye wakati huo miguu ilikuwa ikimsumbua, alingoja. Shangazi za mume wangu walikuwa wakinong'ona nyuma yangu tunachelewa. Akangoja tu mpaka nikasema.

Amefariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Nyumbani, kitandani kwake, chini, karibu na msumeno wake. Na gari likabaki gofuni.

Sasa hasira. Siku ile ya simu nilimchukua mchanga wangu na binti yangu wa miaka minne, nikaenda gofuni, nikaingia, na nilipokwisha lia nikatia komeo. Nikakaa pale pale nilipokuwa nikikaa. Binti yangu akaniuliza twangoja nini, nikamwambia twangoja mjombake Feisal. Wakaja, Feisal na bwana wa Kizingo. Nikamsikia bwana yule akizisifu nakshi, akieleza kioo cha juu ya meza kitakavyokatwa. Kisha akaushika mlango akauvuta. Akauvuta tena. Akasema umekwama, labda waje na mtu mwenye mtaimbo.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno, wallahi, maneno ambayo Mama angenitia pilipili mdomoni kwayo. Nilikuwa nayo yote ulimini.

"Dada, u humo?" Feisal aliita. "Fungua."

Nikalishika komeo.

"Dada, huyu ni mgeni. Waniaibisha. Fungua tu."

Na kabla sijafungua kinywa changu, binti yangu, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe akiwa amekalia mguu wake mbovu, akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Hukupiga hodi," alimwambia mjombake.

 Nilimsikia paka juu ya ukuta. Bwana wa Kizingo aliuliza kuna nini. Feisal nimemlea mimi, nimembeba mgongoni nikiwa mtoto mwenyewe, najua pumzi zake. Zilibadilika.

"Hodi," akasema. Taratibu, kama neno lina uzito.

"Karibu," nikamwambia. Sauti iliyotoka haikuwa ile niliyoitayarisha.

Nikafungua komeo, mbao zikaja ndani, akaingia amejikunja kwa ajili ya paa vile vile alivyokuwa akijikunja Mjomba, maana ana urefu wake. Akakaa kwenye kiti kirefu. Mchanga wangu akamtazama. Sikumhutubia. Nilimwonyesha kwa kidole tu ile sehemu ya ubao karibu na magoti yake ambayo rangi yake ni nyeusi zaidi, ambayo Kalume aliisugua damu siku ile ya kuzaliwa kwake, asiitakase yote. Habari ile aliisikia tangu utotoni mpaka akaichoka. Pahali penyewe hakuna mtu aliyepata kumwonyesha. Akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo.

Nje bwana wa Kizingo akakohoa.

Feisal hakutoka. Alitoa kichwa tu kati ya zile mbao mbili.

"Bwana, tuwie radhi," alimwambia. "Nyumba hii ina wenyewe."

Mwezi umeandama juzi. Mafuta ya simsim nimenunua mimi, kupaka amepaka Feisal. Kwenye nakshi amepaka vibaya, yameganda kwenye maua, na nimemwambia.